Mfarishi wa Viraka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza Darasa la Mkono

Mfarishi ni nini hasa? Si blanketi tu lenye viraka?

Mfarishi ni matabaka matatu yaliyoshonwa yakawa kitu kimoja: uso, pamba ya kati na mgongo. Viraka peke yake havifanyi mfarishi. Unaweza kuunganisha viraka mia mbili ukapata shuka zuri, lakini hadi sindano ipenye matabaka yote na kuyafunga pamoja, hiyo bado ni shuka. Kinyume chake pia ni kweli: uso wa kitambaa kimoja kisicho na kiraka hata kimoja, ukitiwa pamba na kushonwa mistari, ni mfarishi kamili.

Kwa hiyo darasani kuna kazi mbili zinazojifunzwa kwa mikono tofauti. Ya kwanza ni kuunga viraka ili kupata ruwaza. Ya pili ni kupenyeza sindano kwenye matabaka. Wengi huja kwa ajili ya ile ya kwanza, na ile ya pili ndiyo inayowachukua muda.

Sijui kushona kabisa. Nitaweza?

Ndiyo, na mara nyingi asiyejua anaenda vizuri kuliko fundi wa nguo. Fundi amezoea akiba ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo) ya nusu inchi au zaidi, na amezoea kwamba gauni likipungua kidogo mwili utalisamehe. Mfarishi hausamehi. Cherehani haihitajiki katika hatua za mwanzo: viraka vya kwanza vinaungwa kwa mkono ili ujue mshono unavyokaa kabla ya kuuongeza kasi.

Mwenye mkono wa kushoto akae mkabala na mwalimu, si pembeni yake, aone kazi kama kwenye kioo. Kuhusu watoto, mwenye miaka minane au tisa anamudu bandi (mishono mirefu ya kushikiza) na viraka vya mraba. Mkasi wa kukata vipimo abaki nao mtu mzima.

Nije na vifaa gani?

Sindano za kushonea viraka, na sindano fupi nyembamba za kupenyeza matabaka. Sindano hizi fupi zina namba, na namba ikipanda sindano inapungua. Anayeanza achukue namba 8 au 9. Namba 12 ni fupi kiasi cha kukupotea kidoleni. Uzi wa pamba, si wa nailoni. Pini, chaki ya fundi au penseli, rula ya inchi iliyonyooka na mkasi usiowahi kukata karatasi. Subana ni lazima, nayo ikae kwenye kidole cha kati cha mkono unaosukuma sindano. Usipoivaa siku ya kwanza kwa kuona inakusumbua, siku ya tatu utakuwa na tundu kidoleni na utaivaa kwa shida zaidi.

Kisu cha gurudumu na mkeka wake ni vizuri ukiwa navyo. Usivinunue kwanza.

Je, kanga na kitenge vinafaa, au ni lazima ninunue kitambaa maalumu?

Vinafaa, mradi viwe pamba tupu. Kitu cha kukataa ni mchanganyiko wa pamba na poliesta ukiuweka jirani na pamba: kimoja kinapungua kwenye maji na kingine hakipungui, na baada ya kufua mara mbili uso unakunjamana kama maganda ya chungwa. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi mbili tatu uzichome kwa kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kubaki punje ngumu.

Kitenge ni kizuri kwa kuwa kimefumwa kwa kukaza na rangi yake ipo pande zote mbili, lakini kikiwa kipya kina wanga na ukakasi unaofanya sindano igome. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, ukirudia mara mbili. Kanga ni nyepesi zaidi, inapungua zaidi, na nyekundu na nyeusi zake huchuja. Jaribio ni rahisi: kata mraba wa sentimita 10, uloweke nusu saa kwenye bakuli jeupe, kisha uuanike juu ya kitambaa cheupe. Ukiacha doa, fua kanga nzima hadi maji yawe safi. Mraba huo ukikauka, upime. Ukiwa sentimita 9.5, umejua kwamba kanga hiyo inapoteza sehemu moja ya ishirini, na unaelewa kwa nini tunasema fua kabla ya kukata.

Katika kanga, pindo na mji vina matumizi tofauti. Mji wenye maua makubwa unakwenda kwenye viraka vikubwa. Ukiukata vipande vya inchi mbili hakuna atakayejua lilikuwa ua. Pindo lenye ruwaza ndogo inayojirudia linatoa viraka vidogo vizuri sana. Jina la kanga ama ulitumie zima katikati ya mfarishi ama ulikate makusudi. Likikatwa bila kuangaliwa, mgeni wako atakaa anasoma nusu ya maneno na kujaza nusu nyingine mwenyewe.

Wala viraka si jambo geni kwa kanga. Kwa masimulizi ya pwani, wanawake wa Unguja katika karne ya 19 walinunua leso za mraba zilizochapwa zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata sita sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kuwa nguo moja. Jina leso linabaki hadi leo Mombasa.

Kwa mgongo, marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa) iliyofuliwa ni nafuu na sindano inapita. Shuka la kitanda lililofumwa kwa kukaza sana ni adui wa vidole.

Kwa nini kila mtu anasisitiza robo inchi?

Kwa sababu karibu ruwaza zote za viraka vya vipimo zimekokotolewa juu ya akiba ya mshono ya robo inchi, yaani karibu milimita 6. Kiraka cha mraba kinachotakiwa kuonekana inchi 3 kinakatwa inchi 3½: robo kila upande.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme mshono wako ni mnene kwa unywele tu, 1/16 ya inchi kila upande. Kila mshono unakula 1/8 ya inchi isiyopangwa. Safu yenye viraka 18 ina mishono 17 kati yake. Mara 17, umepoteza zaidi ya inchi 2. Jirani yako aliyeshona sawasawa ana safu yenye inchi 54, wewe una 52 hivi, na safu hizo mbili haziwezi kulala pamoja bila mikunjo. Hakuna aliyekosea kwa macho. Kosa limejificha kwenye unene wa penseli.

Mbinu ya mkono: geuza kiraka upande wa nyuma, chora mstari wa mshono kwa penseli iliyochongwa, shona juu ya mstari, si kando yake. Anzia na kuishia kwenye pembe za mstari, si kwenye ukingo wa kitambaa. Kila sindano tatu nne, geuza utazame kama umetokea juu ya mstari wa kiraka cha pili. Kwa cherehani, bandika kipande cha mkanda kwenye bati la mashine, robo inchi kutoka sindano, kisha ujaribu. Unga vipande vitatu vyenye upana wa inchi 1½ na upige pasi. Cha katikati lazima kipime inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza mkanda karibu na sindano. Kikizidi, usogeze mbali. Rudia hadi kikae.

Jaribio hilo linachukua dakika kumi na ndilo linalorukwa kuliko yote.

Tunaanza na ruwaza ipi?

Viraka tisa. Ni miraba mitatu kwa mitatu, mitano ya rangi nzito na minne ya rangi nyepesi, nzito zikikaa kwenye pembe na katikati. Kata miraba ya inchi 3½. Ikishaungwa, bloku moja (mraba mmoja wa nakshi uliokamilika) inapima inchi 9½ ikiwa peke yake, na inchi 9 ikiwa ndani ya mfarishi.

Unga safu tatu kwanza, piga pasi, halafu unga safu kwa safu. Siri ipo kwenye pasi. Laza akiba za mshono zielekee kitambaa cha rangi nzito, kwenye kila safu. Safu ya juu zitatazama nje, ya kati zitatazama ndani, na zikikutana zitakabana kama vidole vya mikono miwili. Ukiminya kwa dole gumba unasikia kidevu cha mshono kimoja kikigonga kingine. Hapo tia pini, na pembe zitakutana zenyewe. Ukizilaza zote upande mmoja unapata kinundu ambacho sindano ya kupenyeza matabaka itakigomea baadaye.

Na pasi inabonyezwa, haiburutwi. Shusha, inua, sogeza, shusha. Ukiburuta kama unanyoosha shati, mraba unakuwa msambamba.

Ruwaza ya pili ni nyota ya Ohio. Nayo ni tatu kwa tatu: miraba mitano mizima ya inchi 3½, na miraba minne iliyogawanywa kwa pembetatu nne nne. Hapa ndipo watu wanapoharibu kitambaa, kwa kukata pembetatu moja moja. Pembetatu ikikatwa, ukingo wake mmoja unakuwa wa mshazari, na mshazari unavutika kama mpira. Njia salama ni kushona kwanza na kukata baadaye:

1. Kata miraba 2 mizito na 2 myepesi ya inchi 4¼. Hiyo ni inchi 3 unazotaka, kuongeza 1¼.
2. Laza mzito juu ya mwepesi, nyuso zikitazamana. Chora mstari kutoka pembe hadi pembe.
3. Shona robo inchi kila upande wa mstari, kisha kata juu ya mstari. Umepata miraba miwili yenye rangi mbili.
4. Ilaze hiyo miwili nyuso zikitazamana, rangi nzito ikikaa juu ya nyepesi, mishono ikikabana. Chora mstari unaokatiza mshono, shona pande zote mbili, kata.

Kila jozi inakupa miraba miwili yenye umbo la saa ya mchanga; jozi mbili zinatimiza minne. Anayeanza akate inchi 4½ badala ya 4¼, halafu apunguze hadi 3½ akiwa ameweka rula juu ya makutano ya katikati. Kitambaa kidogo kinatupwa, lakini nyota inakuwa na ncha. Nyota yenye ncha zilizokatika ni alama ya mtu aliyepunguza upande mmoja tu.

Na ile ya vipande virefu vinavyozunguka mraba mwekundu?

Hiyo ni nyumba ya magogo, iliyopendwa sana Marekani kuanzia miaka ya 1860. Mraba wa kati, mara nyingi mwekundu, husemwa kuwa ni moto wa jikoni. Magogo ya upande mmoja ni mepesi, ya upande wa pili ni mazito, kama nyumba inayopigwa jua upande mmoja.

Kata mraba wa kati inchi 2½ na magogo yote upana wa inchi 1½. Urefu unapanda hivi: mepesi 2½ na 3½, mazito 3½ na 4½, mepesi 4½ na 5½, mazito 5½ na 6½, mepesi 6½ na 7½, mazito 7½ na 8½. Bloku inaishia inchi 8½, na 8 ikiungwa. Kosa linalojirudia ni kushona gogo refu lisilopimwa na kulikata baada ya kufika mwisho. Mkono unalivuta kidogo bila kujua, na baada ya mizunguko mitatu bloku imekuwa sahani. Pima, kata, tia pini mbili mwisho na mwisho, ndipo ushone.

Nitahitaji kitambaa kiasi gani kwa mfarishi wa mtoto?

Kwa mfarishi wa inchi 36 kwa 45: bloku 20, nne kwa tano, kumi zikiwa za viraka tisa na kumi za mraba mmoja mzima, zikipishana. Hesabu inadhani kitambaa chenye upana wa inchi 42 unaotumika baada ya kufua na kuondoa pindo. Miraba 50 mizito inatoka kwenye mikanda 5 (vipande virefu vya upana wote wa kitambaa) ya inchi 3½. Chukua nusu yadi. Miraba 40 myepesi, mikanda 4, nusu yadi pia. Miraba 10 mizima ya inchi 9½, mikanda 3, yadi moja. Ukingo, mikanda 5 ya inchi 2½, nusu yadi nyingine.

Hizo nusu yadi zina nafasi ndogo ya kukosea. Mwenye mkono wa haraka aongeze robo yadi.

Mgongo unatakiwa uzidi uso kwa inchi 3 kila upande, hivyo inchi 42 kwa 51. Kanga moja nzima, ambayo ni karibu sentimita 110 kwa 150, inatosha kwa kubana. Ikiwa imepungua sana kwenye maji, baki na inchi 2 kila upande na uwe mwangalifu unapoitandaza.

Pamba ya kati: natumia nini?

Pamba ya mfarishi inayouzwa ikiwa shuka ndiyo bora, na kwenye paketi imeandikwa umbali unaoruhusiwa kati ya mistari. Usipoipata, blanketi jepesi la pamba lililofuliwa au flana linafaa. Ni jembamba, na kwa joto la pwani wembamba huo ni faida. Blanketi la sufu linapungua kwenye maji na kusinyaa likiwa ndani, liache.

Sufi ya mito haifai. Nyuzi zake zinateleza, hazishikani, na baada ya mwezi zimejikusanya pembe moja. Pamba mbichi iliyochambuliwa inawezekana, lakini mistari ya sindano lazima ikaribiane, inchi moja au chini, la sivyo nayo inatembea.

Kushikiza matabaka kunahitajika kweli? Si natia pini tu?

Pini za kufunga zinatosha kwa kazi ndogo, ukiziweka kila upana wa kiganja. Kwa kazi ya mkono bandi ni bora, kwa kuwa uzi haunasi pini kila dakika. Tandaza mgongo sakafuni, upande mzuri chini, uubandike kwa mkanda ukiwa umenyooka lakini haujavutwa. Juu yake pamba, juu ya pamba uso. Piga bandi ndefu za inchi 2 kuanzia katikati kwenda nje, kama miale, halafu jaza safu kila inchi 4. Ukianzia pembeni kuelekea katikati unasukuma ulegevu wote ukusanyike kitovuni, na hakuna pasi itakayouondoa. Mgongo uliovutwa kama ngoma nao una hasara yake: ukibandua mkanda unarudi na kuukunja uso.

Mshono wa kupenya matabaka unafanywaje?

Kata uzi wa sentimita 45, usizidi. Uzi mrefu unajikunja na kuchakaa kila unapopita. Tia kifundo kidogo kimoja. Ingiza sindano kwenye uso, inchi moja kando ya unapoanzia, bila kufika mgongoni, utokee mahali pa kuanza. Vuta kwa mshtuko mdogo: kifundo kitaruka ndani na kubaki kwenye pamba. Hicho kisauti cha "pop" ndicho kinachoonyesha kimekaa.

Mkono mmoja uko juu ukiwa na subana, mwingine chini ya kazi. Simamisha sindano wima hadi ncha iguse kidole cha chini, kuigusa tu. Hapo laza shina la sindano kwa subana huku kidole cha chini kikisukuma kitambaa juu na dole gumba likikishusha mbele ya ncha, ncha itachomoza. Isimamishe tena, ilaze tena. Pakia mishono mitatu au minne kwenye sindano ndipo uvute. Ni mwendo wa kubembea wala si wa kuchoma.

Usitafute udogo mwanzoni. Mishono 5 kwa inchi iliyo sawa inapendeza kuliko 9 isiyolingana. Wazoefu hufika 8 hadi 10 kwa inchi, na huhesabu ile inayoonekana juu. Mgongoni kwako patakuwa na mishono midogo kuliko ya juu, au iliyokosekana kabisa, kwa wiki chache. Sababu ni moja: sindano inaingia ikiwa imelala. Isimamishe.

Kazi ikiwa kwenye fremu ya mduara, usiikaze kama ngoma. Ikilegea kiasi cha kukubali kidole kuchomoza juu, sindano inabembea. Na kidole cha chini kikiuma, kiviringishie mkanda wa dawa, ubadilishe kidole kesho.

Nimesikia kuhusu mifarishi ya Wasidi. Mnafundisha?

Ndiyo, na kwa wasomaji wa pwani huu ndio wenye undugu wa karibu. Wasidi wa Karnataka, magharibi mwa India, ni kizazi cha Waafrika, wengine kutoka upande wetu wa mashariki, waliopelekwa huko katika karne zilizopita, wengi wakiwa watumwa waliopitia Goa ya Wareno. Wanawake wao wanashona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa, juu ya mgongo wa sari nzee. Hakuna bloku, hakuna rula, na mara nyingi hakuna pamba; unene unatokana na viraka kupandana.

Mwendo wake umegeuka kinyume na yote yaliyotangulia, kwa kuwa unaanzia ukingoni kwenda katikati, na kuunga viraka na kupenya matabaka ni kitendo kimoja. Kwa zoezi, kata mgongo inchi 17 kwa 21. Kunja ukingo nusu inchi kuelekea juu. Kwenye pembe moja laza kiraka ambacho kingo zake za nje zimekunjwa ndani, zikilingana na ukingo wa mgongo. Shona mishono ya kwenda mbele, robo inchi kutoka ukingoni, kwa uzi mnene wa pamba. Kabla kiraka hakijaisha, panga kinachofuata juu ya mwisho wake, ukingo umekunjwa. Upande wa ndani wa kila kiraka unaachwa mbichi. Ukizunguka pande nne na kurudi ulipoanzia, ingia ndani kwa upana wa nusu kidole uzunguke tena. Viraka vipya vinafunika pande hizo mbichi. Unaendelea hivyo hadi kitovu kifungwe na kiraka cha mwisho kilichokunjwa pande zote.

Pembe nne zinawekwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembetatu, kimoja juu ya kingine, viitwavyo phula, yaani maua. Kwa Wasidi, kawandi bila maua yake iko uchi.

Kinachoharibika ni katikati kutuna. Kila mzunguko unasukuma ulegevu mbele yake, kwa hiyo kabla ya kila mzunguko laza kazi mezani, ipapase kwa kiganja kutoka ukingo kwenda ndani, na usivute uzi hadi ukunje. Vipande vya kanga vinakaa vizuri hapa kuliko kwenye nyota ya Ohio, kwa sababu kanga iliyopinda kidogo haina wa kumsaliti.

Basi vipimo vina maana gani, kama Wasidi hawapimi?

Wanapima kwa jicho na mkono, na kila kiraka kinarekebisha kosa la kilichotangulia. Bloku hazina nafasi hiyo. Jamii nyingine inayojulikana kwa uhuru kama huo ni wanawake Weusi wa Gee's Bend, jimbo la Alabama, walioshona kwa nguo za kazi za shambani na suruali za jinzi zilizochakaa. Ruwaza yao ya paa la nyumba inafanana na nyumba ya magogo, ila magogo hayalingani na mraba wa kati unaweza kukaa pembeni. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kuuza mifarishi, na mwaka 2002 kazi za Gee's Bend zilipoonyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York, watu walipanga foleni kutazama vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya baridi.

Ukitaka kushona hivyo, jifunze robo inchi kwanza. Kupinda kwa makusudi na kupinda kwa kushindwa havifanani hata kidogo, na jicho linaona.

Ni kweli mifarishi ilikuwa na alama za siri za kuwaongoza watumwa waliotoroka Marekani?

Hadithi hiyo ilienea baada ya kuchapishwa kitabu mwaka 1999. Wanahistoria wengi hawaikubali: hakuna ushahidi wa wakati ule, na baadhi ya ruwaza zinazotajwa hazionekani kwenye mifarishi ya miaka hiyo. Mwenye hamu ya historia iliyothibitika amtazame Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mifarishi yake miwili ya visa vya Biblia, iliyoshonwa kwa vitambaa vilivyobandikwa juu ya uso, ipo hadi leo: mmoja kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwingine kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston.

Ukingo unafungwaje bila pembe kuwa na vinundu?

Unga mikanda ya inchi 2½ kwa mshono wa mshazari hadi ipatikane urefu wa mzunguko wote na inchi 12 za ziada. Kwa mfarishi wa mtoto uliotajwa, inchi 174. Kunja mkanda katikati kwa urefu, piga pasi. Shona kwenye uso, kingo mbichi pamoja, ukianzia katikati ya upande na si kwenye pembe. Robo inchi kabla ya pembe, simama, kata uzi. Kunja mkanda juu, wima kabisa, ukifanya mstari wa mshazari. Kisha urudishe chini juu yake, mkunjo ukilingana na ukingo wa juu. Anza tena kutoka juu. Ukigeuza mkanda nyuma, pembe inajikunja yenyewe. Malizia mgongoni kwa mshono wa kuficha. Aliyeshona hadi mwisho wa pembe bila kusimama ndiye anayepata kinundu. Mkanda wa mshazari hauhitajiki kwenye pande zilizonyooka, ni kwa ukingo wenye mviringo tu.

Nikigundua kosa nikiwa nimeshafika mbali, nifumue?

Kiraka kilichogeuzwa kwenye bloku: fumua, ni mishono minne. Safu isiyolingana kwa robo inchi: fumua mshono mmoja kati ya safu, gawanya tofauti kwa pini katikati, kisha katikati ya katikati, na kitambaa kitameza. Mshono wa kupenya usiolingana: uache.

Unafuliwaje?

Maji baridi, sabuni kidogo isiyo ya kung'arisha, kwenye beseni kubwa. Usiukamue kwa kuusokota, kwa kuwa nyuzi za mkono hukatika. Ukandamize, uuviringishe kwenye taulo, kisha uulaze kivulini juu ya mkeka au kamba mbili tatu, usining'inie kwenye moja. Mara ya kwanza uso utajikunja kidogo kufuata mistari ya sindano. Ni pamba inapungua, na wengi ndio wanaoupenda hivyo. Ukiuhifadhi, ukunje kwa tatu, si kwa mbili, na kila miezi michache ubadilishe mahali pa mkunjo, maana nyuzi hukatikia pale pale.